Mtu wa imani anadanganywa upesi kuliko asiye na imani? Tujadili bila matusi

#1 Mkaaji wa Nguba (Bukavu)
Jambo wote. Katika avenyu yetu ilizuka programu ya simu: unaweka dola 30, kila jioni unabonyeza mahali, pesa zinazaa, na ukileta watu wawili zinazaa upesi zaidi. Haikuingilia sokoni wala kwenye baa. Iliingilia korali. Mmoja wa viongozi alitoa ushuhuda mbele ya kanisa kwamba Mungu amemfungulia mlango, akainua simu mpya watu waione, na kabla ya mwezi kwisha nusu ya wanakorali walikuwa ndani. Sasa programu haifunguki, namba ya waliokuwa wakijibu maswali imezimwa, na kuna mama aliyeweka humo minervali (karo ya shule) ya watoto wake.

Wezi wapo kila mahali, hilo najua. Kinachoniuma ni jibu la yule mama. Nilimwuliza kama aliwahi kuuliza ofisi yao iko wapi. Akasema kuuliza vile ni kukosa imani.

Dai langu ni hili: mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba shaka ni dhambi, hawezi kuamka Jumatatu akawa na shaka mbele ya tapeli. Nipingeni kwa mifano.

#2 Motari wa Kadutu (Bukavu)
Hupingwi. Mimi nabeba watu kila siku. Abiria anabishana nami franka 500 mpaka mishipa inamtoka shingoni, halafu namshusha kwenye chumba cha maombi, anaacha dola 20 kwa nabii aliyemjua juzi. Na si leo tu. Wazazi wetu walilizwa na Bindo, ule mchezo wa pesa zinazozaa, mwaka 1993 hivi hivi, kwa maombi na nyimbo.

#3 Mama Sambaza (Bukavu)
Mwanangu #1, njoo soko la Kadutu alfajiri uone walokole wanavyonunua. Mama anayenena kwa lugha Jumapili anachota sambaza, samaki wetu wadogo, kutoka chini ya beseni, maana anajua juu ndiko tunakopanga nzuri. Noti anaiangalia juani pande zote mbili, na ikiwa imechanika kidogo anakurudishia. Shaka anayo, tena nyingi. Kwa hiyo usiseme hawezi.

#4 Mwalimu wa Hesabu (Lubumbashi)
Mada nzuri, na imepimwa na watafiti. Kuna swali maarufu la Shane Frederick, Mmarekani, alilolichapisha mwaka 2005. Nalibadilisha liwe la kwetu: kalamu na daftari kwa pamoja ni franka 1,100. Daftari inazidi kalamu kwa franka 1,000. Kalamu ni bei gani? Jibu linalokuja kwanza kichwani si sahihi. Anayesimama na kulikagua ndiye anayepata.

Mwaka 2015 Gordon Pennycook na wenzake nchini Kanada waliwapa watu sentensi zilizoundwa na kompyuta kwa kuchanganya maneno makubwa makubwa yasiyo na maana, wakawauliza zina kina gani. Waliozisifu zaidi ndio mara nyingi walioanguka kwenye maswali ya aina hii, na pia waliegemea zaidi imani za kidini na za miujiza. Kwa hiyo #1 ana kitu mkononi. Lakini uhusiano huo haukuwa wa nguvu sana, na haukusema dini ndiyo chanzo.

#5 Kijana wa Essence (Bukavu)
100. Swali jepesi hilo mwalimu. Na mimi sisali popote, kwa hiyo nathibitisha utafiti 😄
Kuna mwingine wa Kanada nilisoma: wanafunzi walionyeshwa picha ya ile sanamu ya Rodin, mtu ameshika kidevu anawaza, imani yao ikapungua palepale. Kufikiri kunaua dini, basi.

#6 Pasta wa Panzi (Bukavu)
Kalamu ni franka 50, ndugu wa #5. Ingekuwa 100, daftari ingekuwa 1,100 na jumla 1,200.

Nije kwenye hoja. Biblia haikuagiza watu wameze kila kitu. Mithali 14:15 inamwita mjinga yule anayeamini kila neno. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anaagiza roho zijaribiwe. Na watu wa Beroya, Matendo 17, walisifiwa kwa sababu walimsikia Paulo mwenyewe kisha wakaenda kuchunguza maandiko kila siku kama mambo ndivyo yalivyo. Paulo hakukasirika. Ushuhuda wa simu mpya ulipaswa kukaguliwa na wazee wa kanisa kabla haujafika madhabahuni.

#7 Mwalimu wa Hesabu (Lubumbashi)
Pasta 1, Kijana 0.
Na kuhusu sanamu, #5: ule utafiti ulitoka mwaka 2012, wa Gervais na Norenzayan. Mwaka 2017 watafiti wengine walirudia jaribio lile la sanamu kwa watu wengi zaidi, matokeo hayakujirudia. Ukiutaja wa kwanza, taja na wa pili.

#8 Mkaaji wa Nguba (Bukavu)
Pasta, aksanti, aya nazifahamu. Swali langu ni zinahubiriwa mara ngapi. Mimi nimekulia kanisani. Beroya nimeisikia kwa nadra, lakini "usimguse mpakwa mafuta" nimeisikia karibu kila mwezi. Muumini anaumbwa na kile anachorudiwa, si na kila kilichoandikwa.

#9 Pasta wa Panzi (Bukavu)
Hapo umesema kweli, na inaniuma kama mchungaji. Ila usihesabu makanisa yote kuwa moja.

#10 Muzee wa Bagira (Bukavu)
Watoto, nisahihishe tarehe. Bindo ilianguka Kinshasa mwaka 1991. Mwaka 1993, mwezi wa kwanza, ilikuwa ghasia ya noti ya zaire milioni tano: askari walilipwa nazo, wachuuzi wakazikataa, mji ukawaka. Msichanganye.

Mdogo wangu aliishi Kinshasa wakati wa Bindo. Aliuza friji, shemeji akauza vitenge vyake vya harusi, wakapanga mstari usiku kucha. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kanisa hata kidogo, alikuwa mtu wa bia na mpira. Na waliopanga mstari pamoja naye walikuwa wa kila aina, wakiwemo maofisa na wasomi. Mnajua kwa nini? Mwaka ule bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 2,000. Ukiweka mshahara kabatini, mwisho wa mwezi umebaki karatasi. Mtu ambaye kuweka akiba kwa haki kunamfilisisha, atakwenda popote wanaposema pesa inazaa. Njaa ndiyo iliyodanganywa, dini msiitafute.

Jambo jingine. Chini ya Mobutu makanisa yaliyotambuliwa na serikali yalikuwa machache: Wakatoliki, ECC (umoja wa Waprotestanti), Wakimbangu na wengine wachache. Baada ya hotuba yake ya kuruhusu vyama vingi, tarehe 24 Aprili 1990, milango ilifunguka, makanisa ya uamsho yakaota kila kona. Kwa hiyo mchezo wa pesa na uamsho vilikua wakati mmoja, katika shida moja. Ndiyo maana mnaviona kama mzazi na mtoto, kumbe ni ndugu.

#11 Mhasibu wa Himbi (Goma)
Muzee kanisogezea kiti. Mfano ninaoupenda ni Albania. Serikali ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967, misikiti na makanisa yakageuzwa maghala na majumba ya michezo. Marufuku ikaondolewa mwaka 1990. Kizazi kizima kilikua bila mahubiri. Je, hakikudanganywa? Mwaka 1996 karibu theluthi mbili za wananchi walikuwa wameweka pesa kwenye kampuni za piramidi, zile zinazowalipa wa kwanza kwa pesa za wanaofuata. Watu waliuza nyumba na mifugo. Zilipoanguka mwanzoni mwa 1997, deni la kampuni zile lilikaribia nusu ya pato la taifa, serikali ikaanguka, wakafa watu wapatao 2,000.

Na Urusi, baada ya miaka 70 ya kufundishwa kwamba Mungu hayupo, mamilioni walimpa Sergei Mavrodi pesa zao, mpaka MMM, kampuni yake ya piramidi, ikaporomoka mwaka 1994. #1, tafuta jibu lingine.

#12 Kijana wa Essence (Bukavu)
Ila Waalbania walikuwa na imani pia, waliiamini serikali na Hoxha, mtawala wao. Dini ni dini tu, iwe na Mungu au bila Mungu.

#13 Mhasibu wa Himbi (Goma)
#12, ukipanua neno hivyo, kila anayedanganywa utamwita mdini na hoja haitapingika tena. Hapo si hoja.

#14 Muuguzi wa Katindo (Goma)
Nilikuwa kazini wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, kwa hiyo niruhusuni niandike kidogo kirefu.

Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa hapa Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo, ambako alikuwa amewawekea wagonjwa mikono. Wengi walisema basi, ndiyo hiyo imani upofu. Lakini angalieni upande wa pili. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi ya robo walisema Ebola haipo. Walioiamini serikali ya mahali pao walikuwa chini ya theluthi moja. Hawa hawakuwa watu wa kuamini kila kitu, walikuwa wamekataa kuamini. Walikataa daktari, chanjo, redio. Walichokikubali ni ujumbe wa sauti uliotumwa na mjomba kwenye simu.

Nilichojifunza wodini: mtu haamini *zaidi* au *kidogo*. Anachagua nani wa kumwamini, na anachagua kwa kuangalia nani alikuwepo alipoumwa, alipofiwa, alipokimbia vita. Kwa watu wa Beni, waliochinjwa miaka mingi bila mtu kuja, wageni wenye magari mapya waliokuja ghafla kwa ugonjwa mmoja walikuwa na sababu gani ya kuaminiwa? Mchungaji alikuwepo. Pale wachungaji na maimamu walipokubali kuchanjwa mbele ya watu, foleni ilionekana. Kwa hiyo uaminifu ule ule uliowaua wengine uliwaokoa wengine.

#15 Mama Sambaza (Bukavu)
Muuguzi Mungu akubariki. Hilo la nani alikuwepo ndilo lenyewe.

#16 Dada wa Nyawera (Bukavu)
Mnazungumza pesa tu. Mimi nizungumze ufunuo, kwa sababu huo umevunja nyumba yetu.

Dada yangu mkubwa alikwenda kwa nabii (jina sitaji). Akaambiwa: "Naona mtu wa karibu anayekuonyesha meno lakini moyoni hakupendi. Naona ulianza jambo halikuisha. Naona maumivu upande mmoja wa mwili." Alirudi analia kwamba nabii amejua yote. Baada ya maombi ya kulipia, "mtu wa karibu" akawa mtoto wa marehemu kaka yetu, mtoto aliyekuwa akilala chumba kimoja nami. Ilibidi nimhamishe usiku kwa shangazi. Nawauliza wote: nani hapa hana mtu wa karibu asiyempenda? Nani hana jambo ambalo halijaisha?

#17 Mwalimu wa Hesabu (Lubumbashi)
Pole sana dada. Na kwa wengine wote: sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Anayefanya hivyo ana kosa, awe mzazi au nabii.

Ulichokieleza kilipimwa zamani. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia Marekani, aliwapa wanafunzi wake mtihani wa tabia, kisha kila mmoja akapewa maelezo "yake". Maelezo yalikuwa mamoja kwa wote, mengi yakitoka kwenye kitabu cha nyota alichonunua kibandani. Wanafunzi waliyapa ukweli wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Hawakuwa kanisani, walikuwa darasani, na walimwamini kwa sababu alikuwa mwalimu wao.

#18 Mkaaji wa Nguba (Bukavu)
Mwalimu, lakini wanafunzi wa Forer walipoonyeshwa kwamba karatasi ni moja, walicheka, yakaisha. Dada wa #16, mkubwa wako akionyeshwa kwamba kila mtu aliambiwa maneno yale yale, atacheka?

#19 Dada wa Nyawera (Bukavu)
Nilimwonyesha. Jirani yetu alikuwa ameambiwa karibu neno kwa neno. Akasema shetani hutumia njia moja kwa watu wengi.

#20 Mkaaji wa Nguba (Bukavu)
Hapo ndipo ninapong'ang'ania. Mdanganywa wa Albania alijua amedanganywa akaingia barabarani. Wa kwetu amepewa maelezo ya kila matokeo. Ukipata, ni Mungu. Ukikosa, ni jaribu au dhambi yako. Mtego hauna mlango wa kutokea. Kuingia, nakubali, wote tunaingia sawa. Kutoka je?

#21 Mnunuzi wa Dhahabu (Bukavu)
Kutoka nako si kwa dini tu. Mimi niko kwenye kazi hii tangu ujana. Nimeona watu wasioamini chochote, wenye diploma, wananunua shaba iliyopakwa rangi kwa dola maelfu. Ukiwaambia ni bandia wanakukasirikia *wewe*. Wanakwenda kwa mnunuzi wa pili, wa tatu, wakitafuta atakayesema ni nzuri. Aliyekwisha kulipa hataki kusikia.

#22 Motari wa Kadutu (Bukavu)
Boss, samahani natoka nje ya mada, unaitambuaje upesi?

#23 Mnunuzi wa Dhahabu (Bukavu)
Kwanza uzito. Dhahabu safi, sentimita moja ya ujazo ni gramu 19.3. Shaba ni karibu 9. Ipime kavu, kisha ipime ikiwa imening'inia ndani ya maji, tofauti inakuambia ujazo wake, kisha gawanya uzito mkavu kwa ujazo huo. Asidi ya nitriki nayo: ukikwaruza mpaka ndani na kudondosha, shaba inatoa povu la kijani, dhahabu inakaa kimya. Ndani, sikia vizuri. Matapeli wanapaka dhahabu ya kweli juu kwa sababu wanajua mgeni anakwaruza juu juu.

#24 Kijana wa Essence (Bukavu)
Motari sasa atafungua kontwari 😂 turudi kwenye mada.

#25 Ustadh wa Buholo (Bukavu)
Salamu. Kwa upande wetu, Sura Al-Hujurat aya ya 6 inaagiza: mpotofu akikujieni na habari, ichunguzeni, msije mkawadhuru watu bila kujua. Kisa cha dada wa #16 ndicho hasa kilichokatazwa. Hata hivyo nakubaliana na #8. Aya haimlindi asiyefundishwa kuitumia. Na sisi msikitini tumelizwa pia, na mtu aliyekuwa akisimama safu ya mbele.

#26 Mhasibu wa Himbi (Goma)
Ustadh amegusa mshipa wenyewe: safu ya mbele. Bernard Madoff, aliyekamatwa New York Desemba 2008 kwa utapeli wa pesa za uwekezaji, hakuhubiri dini yoyote. Lakini aliingia kwa watu wa jamii yake ya Kiyahudi kupitia vilabu na mifuko ya hisani. Taasisi ya Elie Wiesel, mtu aliyeokoka Auschwitz na kupewa Nobeli ya Amani, ilipoteza dola milioni 15. Wakati huohuo Harry Markopolos alikuwa ameionya mamlaka ya masoko tangu mwaka 2000 kwamba hesabu za Madoff haziwezekani, wasimsikilize. Tapeli anatafuta mahali ambapo watu wamekwisha kuaminiana, maana hapo kazi ya kuchunguza kila mtu anamwachia mwenzake. Kwetu mahali hapo ni kanisa na msikiti, kwa sababu vingine vimekufa. Mwanzoni mwa 2025 benki zilipofunga Goma na Bukavu, watu walibaki na nani?

#27 Mama Sambaza (Bukavu)
Tulibaki na AVEC, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Na hapa nawajibu nyote, hasa #1.

AVEC yetu wote ni wa kanisa moja. Tunaanza kwa maombi, tunafunga kwa maombi. Katikati sanduku liko mezani, lina kufuli tatu, funguo ziko kwa mama watatu tofauti, na mwenye kuweka sanduku hana hata moja. Halifunguliwi mpaka wote watatu wapo na wote tunaona. Pesa zinahesabiwa kwa sauti. Anayekopa anaulizwa mbele ya wote anakwenda kufanya nini nazo, hata awe mke wa pasta. Mke wa pasta alikopa, akachelewa, akalipa faini. Hakuna aliyesema tumekosa imani.

Ni mama wale wale. Wawili kati yao waliingia kwenye programu kama ile ya #1. Sasa niambieni nyinyi wasomi: mama anayemkatalia dada yake wa rohoni ufunguo wa pili, kwa nini alimpa mtu asiyemjua pesa bila kuuliza?

#28 Mwalimu wa Hesabu (Lubumbashi)
Mama, umeuliza kuliko sisi wote. Mfaransa Hugo Mercier anashikilia kwamba binadamu si mwepesi wa kudanganywa hata kidogo: kwenye mambo anayoyaona na kuyagusa anakagua vikali, kama wewe na sambaza. Kwa mambo ya mbali, hana cha kukagulia. Sanduku analiona. Programu ya simu hakuna ajuaye iko wapi.

#29 Mnunuzi wa Dhahabu (Bukavu)
Dhahabu inaonekana na kuguswa, mwalimu. Na wanaliwa.

#30 Pasta wa Panzi (Bukavu)
Mimi naona tofauti nyingine. Sanduku la AVEC halijawahi kumwahidi mtu muujiza. Linampa alichoweka na faida kidogo, ndiyo maana hakuna aibu kuhesabu. Penye ahadi ya muujiza, anayehesabu anaonekana ameharibu sherehe.

#31 Mkaaji wa Nguba (Bukavu)
Na sherehe hiyo ya muujiza, Pasta, wapi wanaandaa kila Jumapili?

#32 Mama Sambaza (Bukavu)
Hata kwenye matangazo ya bahati nasibu ya simu wanaandaa, mwanangu. Wale wawili niliwauliza. Mmoja alisema alifuata ushuhuda, kama wa kwenu. Wa pili alisema hakuamini lolote, alijua itaanguka, alidhani yeye atatoka kabla. Huyo tumweke upande gani?

#33 Muzee wa Bagira (Bukavu)
Upande wa mdogo wangu. Naye alisema vivyo hivyo.

#34 Dada wa Nyawera (Bukavu)
Mwalimu wa #17, samahani, ile sheria ya 2009, ninaweza kuipeleka wapi hapa Bukavu? Mtoto bado yuko kwa shangazi na nabii ameanza kuuliza alipo.

#35 Muuguzi wa Katindo (Goma)
Dada, usiandike hapa mtoto yuko wapi. Nakutumia ujumbe wa faragha sasa hivi. Anza na mahakama ya watoto.